Mafua ya Kubebwa

Saholy alikuwa na swali lake moja pale dirishani kwenye mapokezi ya dharura, na mji mzima ulimcheka kwa swali hilo mpaka watoto wakaligeuza mchezo. Akishakuuliza jina na unakotoka, akishakuuliza unaumwa nini, alikuwa anainua kichwa na kusema, "Umekuja vipi?"

"Nimekuja vipi tena? Si unaniona nimesimama mbele yako?"

"Nakuona. Nauliza umefikaje. Kwa miguu, kwa mkokoteni, au umebebwa?"

Mimi Zoeline ni nesi wa dharura, na nimekaa na Saholy chumba kimoja miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu mume wangu. Lilikuwa linanikera swali lile, msinione hivi. Foleni imefika kwenye mikaratusi, mtoto anapiga kelele, mlevi ananitapikia viatu, na yeye anawahoji watu safari zao! "Mwenzangu, wewe ni nesi au kondakta?" namuuliza. Anacheka, anaandika, anamwita anayefuata.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Kila jioni alituma Tana, mji mkuu, kwa simu hesabu ya waliokuja: homa wangapi, kikohozi wangapi, kuhara wangapi. Kule Tana hesabu zetu walizichora mstari, na mstari ukipanda wanajua msimu wa nini umeingia na dawa gani ipakiwe kwenye gari. Kipindi cha baridi vifua, kipindi cha mvua homa za mbu na matumbo. Sharti lilikuwa moja: andika maneno ya mgonjwa mwenyewe kama alivyoyasema. Usimrekebishe, usijitie udaktari.

Shida ni kwamba watu wetu ni waongo. Nasema bila haya maana na mimi ni mmoja wao. Kuna majuma fulani, milima ikishachomwa na mvua haijaanza, panya wanakimbia moto na kuingia ndani kwenye mpunga, na viroboto wao wanakuja nao. Hapo ndipo unapoingia ugonjwa ambao kwetu hautajwi jina. Jina lake ni tauni. Nimelitaja kwa sababu nimezeeka na simwogopi mtu.

Hautajwi kwa sababu ya kaburi. Sisi huku mtu anakaa nyumba ya udongo maisha yake yote ili aje kulala kwenye nyumba ya mawe, pamoja na babu zake na bibi zake, kila mmoja na ubao wake wa jiwe wa kulalia. Sasa aliyekufa kwa tauni haingii humo. Serikali inamchukua siku ile ile, inamfukia nyuma ya mikaratusi kwenye shimo la chokaa, na hafukuliwi. Ukoo wake ukifungua kaburi msimu wa baridi, wakiwatoa wazee wao na kuwavika sanda mpya na kucheza nao mabegani kwa tarumbeta, yeye hayupo. Hakuna atakayemwita jina. Ndiyo maana pale dirishani hakuna mtu aliyewahi kusema tauni, hata siku moja. Wanasema mafua.

"Mafua tu, dada."

"Haya. Na umekuja vipi?"

Saholy alikuwa ameligundua hilo mapema, na wala hakulifanya siri. Watu wakiamua kudanganya maradhi wanasahau kudanganya miguu. Mwenye mafua anakuja anatembea, tena anasimama sokoni kununua vitumbua. Ukiona mafua yamebebwa na wanaume wanne kutoka ng'ambo ya mlima, jasho linawatoka na hawataki kukutazama machoni, hayo si mafua.

Mzee wake alikuwa akija kumtania kazi hiyo. Aliitwa Ralaivita, fundi mawe wa Ankazosoa, na makaburi ya nusu ya koo za bonde lile yalipita mikononi mwake. Kila siku ya soko alishuka mjini na kofia yake ya majani, anapita dharura na kikapu cha mahindi au njugu, anaegemea dirisha la binti yake. "Zoeline," ananiambia mimi, kwa sauti ya kusikika uani, "huyu nilimsomesha mpaka nikauza ng'ombe wenye nundu, ili aje ahesabu makamasi ya watu!"

"Baba, toka hapo, kuna wagonjwa."

"Mimi pia mgonjwa. Naumwa njaa. Andika: amekuja kwa miguu."

Tunacheka sote. Kisha wanakaa ukutani, mzee anakula wali wake na kunywa maji yaliyochemshiwa kwenye ukoko, anamweleza habari za kaka zake. Tolotra ndiye mkubwa, ndiye aliyebaki na nyumba ya Ankazosoa, na mzee alilala chumba kimoja na wajukuu. Mama yao alikwisha kufa. Saholy hakuolewa. Nje ya kazi yake na baba yake sikumwona na jingine la kumfurahisha.

Mwaka ule milima ilichomwa mapema. Moshi ulitukaa kooni, na mstari wa mafua ukaanza kupanda wakati ambao haupaswi kupanda: baridi imeondoka, mvua haijaja. Tana wakapiga simu wakasema ni mafua ya kuchelewa. Saholy akanivuta nyuma ya pazia.

"Dada Zoeline, haya yanabebwa."

"Kina nani?"

"Wa Ankazosoa. Wote wa Ankazosoa mwezi huu wamebebwa."

Ankazosoa ni kwao. Tukaenda pamoja kwa Daktari Tefy. Kijana yule watu walimsema kwamba anaringa, lakini mimi nitamtetea: alimsikiliza Saholy mpaka mwisho na hakumkatiza. Akasema, "Nakuamini. Nitafutie makohozi." Vipimo vya haraka vilikuwa vimekwisha tangu msimu uliopita na havikuletwa vingine. Kwa hiyo ilibidi mgonjwa mmoja akubali kutema kwenye kichupa, kichupa kipelekwe Tana, na mgonjwa huyo aandikwe ni wa shaka. Bila mtu wa shaka, Tana hawatoi timu wala vidonge vya kijiji.

Mmoja tu. Basi tukamtafuta huyo mmoja tukamkosa. Hakuna sheria inayotulazimisha kuomba ruhusa kwa jamaa, lakini ukimgusa mtu wao bila wao kuridhia, wanambeba wanaondoka naye. Ukitamka tu neno makohozi, wanatazamana. Mmoja anasema anaenda kununua mkate, wa pili anamfuata kumsaidia kuubeba huo mkate, na ukigeuka kitanda ni kitupu. Mama mmoja waliondoka naye na sindano ya dripu mkononi; chupa tuliikuta barabarani. Nilitukana siku ile, Mungu anisamehe. Saholy aliiokota ile chupa akaiosha, na jioni akatuma hesabu yake: mafua, mafua, mafua.

Mzee Ralaivita hakuonekana siku ya soko. Saholy alimwekea wali ukapoa.

Siku chache baadaye nilikuwa mlangoni nikawaona wanaume wanne wanashuka na machela ya blanketi. Saholy alikuwa dirishani ameinama, anamalizia kuandika mtu. Kivuli kikasimama mbele yake, naye bila kuinua kichwa akauliza, "Anaumwa nini?"

"Mafua," sauti ikajibu.

"Amekuja vi..." Akainua kichwa. Alikuwa kaka yake, Tolotra.

Na kutoka kwenye blanketi mzee akasema, kwa pumzi za kukatika, "Nimekuja kama bibi harusi. Sikukanyaga chini." Akataka kucheka, kikohozi kikamshika, na kitambaa alichojifutia kikatoka na rangi ya kutu.

Tulimweka chumba cha pembeni, dirisha wazi, tukavaa barakoa. Ndugu wakaenda uani kupika, maana kwetu mgonjwa ni wa kulishwa na wa kwao. Nilikuwa namtafuta mshipa mzee, ule mkono wake mgumu kama kwato, Saholy amepiga magoti upande wa pili.

"Baba, niambie ukweli."

"Mafua tu, mwanangu. Nilitoka jasho juu ya kaburi, upepo ukanipiga."

"Kaburi la nani?"

"La kina Razafimbelo. Mkewe alifariki, mlango wa kaburi ukawa umelegea, wakaniita."

"Alikufa kwa nini?"

Mzee akatazama dari. "Mafua."

Nilimtazama Saholy naye akanitazama. Akachukua kichupa kutoka mfukoni. Alikuwa akitembea nacho mfukoni tangu wiki zile. "Nataka makohozi yako, Baba."

"Uyaandike nini?"

"Shaka. Shaka tu."

"Shaka! Shaka yenu ndiyo inayotia watu kwenye chokaa."

"Ukipona huendi kokote. Dawa unapewa sasa hivi, ni ile ile."

"Na nikifa?"

Saholy akafungua kifuniko cha kichupa. Mzee akamshika kiganja. Utani ulikuwa umemtoka usoni, na nilijisikia vibaya kuwa mle ndani. "Mama yako amelala upande wa mashariki," akasema, "ubao wa pili. Ubao wa chini yake niliuchonga mimi. Nikaulalia kuupima, Tolotra akanicheka. Unanitosha. Mwanangu, mimi nimewalaza watu wangapi? Usiniandike. Ni mafua."

Saholy akatoka nje ya chumba, nami nikamfuata mpaka penye mapipa ya maji.

"Mwandike mafua," nikamwambia. "Si ndivyo alivyosema? Sharti si maneno ya mgonjwa? Basi! Atakulaumu nani?"

"Watoto wa Kaka Tolotra wanalala naye chumba kimoja."

"Wape vidonge kimya kimya."

"Vidonge vya nani, Dada? Kabati letu lina dawa ya watu wangapi? Ankazosoa ni nyumba ngapi?" Akajifuta uso kwa kiwiko. "Siku zote tunalia hakuna jamaa anayekubali. Haya, jamaa ni mimi."

Laiti ningemzuia. Nasema tu, maana najua asingezuilika. Alirudi ndani akamkalisha baba yake, akamshika mgongo, akaweka kichupa mdomoni kama unavyomnywesha mtoto. Mzee alitema. Hakumtazama tena binti yake. Aligeukia ukuta akakaa hivyo.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, nao walisema kweli, lakini hawakutwambia anayeyafichua yeye huwa anafanywa nini.

Mzee alikufa kesho yake mchana. Dawa ilikuwa imechelewa, na kifua cha fundi mawe kina vumbi la miaka yote. Kichupa kilikuwa ndio kwanza kimefika Tana. Kwa sheria majibu hayasubiriwi, shaka inatosha. Wakaja watu wa mavazi meupe na mfuko na ndoo za chokaa. Saholy aliomba amwoshe, wakamkatalia. Akaomba aiondoe kofia, maana mzee alifariki na kofia yake imewekwa kifuani, wakamwambia asisogee.

Tolotra alitoka uani na sufuria ya uji mkononi. Aliona mavazi meupe akaelewa.

"Nani ameandika?"

Daktari Tefy akasema, "Pole sana, kaka. Jamaa wa mgonjwa alikubali..."

"Jamaa yupi? Jamaa ni mimi! Nani alikubali?"

"Mimi," Saholy akasema.

Nilidhani atampiga, na nilikwishasogea katikati, mimi na mwili wangu huu. Hakumpiga. Aliiweka sufuria chini taratibu, akavua kofia, akasema mbele ya foleni nzima, "Kuanzia leo mjue, Ralaivita alizaa wanaume watupu." Akavaa kofia yake. Wakaondoka wote wanne na machela yao tupu.

Tulimzika sisi watatu, mimi, Saholy na daktari, tukiwa tumesimama mbali, hakuna wimbo. Alijenga nyumba za mawe za watu wote wa bonde lile, na yeye hakuwekewa hata jiwe la alama. Saholy hakulia. Alirudi dirishani, akavaa barakoa mpya, akaita anayefuata. Nilimchukia kidogo kwa hilo, kisha nikaona ameandika jina moja mara mbili.

Timu ilikuja, hilo nikiri. Mtu mmoja wa shaka ndiye aliyekuwa anasubiriwa, na mtu akapatikana. Magari mawili, vipimo, dawa ya viroboto, vidonge vya nyumba zote. Saholy akapanda nao Ankazosoa, nami nikaenda kwa sababu nilimwogopea. Tulikuta tuliyoyatarajia. Razafimbelo mwenyewe alikuwa amefungiwa ghorofani, anakohoa damu. Jirani zake wawili walikuwa na mitoki, uvimbe wa tezi za kwapa na kinena. Na nyumbani kwa Tolotra, binti yake mdogo, Voahirana, alikuwa amelala kwenye mkeka na homa inayochoma mkono, mtoki kwenye kinena umevimba kama yai. Vipimo vikasoma pale pale. Tauni, tauni, tauni.

Razafimbelo alikufa, na jirani mmoja. Wengine walipona. Voahirana alipona. Shangazi yake ndiye aliyemchoma sindano siku zote zile, na Tolotra alisimama mlangoni akitazama. Ilipofika zamu yake ya vidonge Saholy alimnyooshea, naye akavipokea kutoka mkononi mwangu mimi. Sawa. Alimeza.

Mstari wa mafua ukaanguka. Tana wakapiga simu kushukuru. Walisema hospitali yetu imewahi mno, mwaka mwingine ungekuwa msiba wa wilaya nzima. Saholy alisikiliza, akasema asante, akakata simu.

Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza Daktari Tefy alipotuita ofisini. Alifunga mlango. Nilijua ni habari mbaya maana alitukaribisha viti, na yule hajui kukaribisha mtu kiti.

"Majibu ya Tana yamemalizika yote," akasema. "Wameotesha vijidudu tena na tena, ndiyo maana yamechelewa. Sista Saholy... sampuli ya mzee haina kitu."

"Haina kitu vipi?"

"Hakuwa na tauni. Kilikuwa kichomi cha kawaida. Baridi tu imempata, na kifua chake kilikuwa..."

"Mafua," akasema Saholy.

"Unaweza kusema hivyo."

Akacheka. "Aliniambia," akasema. "Aliniambia mafua. Msimu mzima watu wote wamenidanganya pale dirishani, mmoja tu ndiye aliyesema kweli." Kisha ndipo kilio kilipokuja, kile cha siku zile zote, mpaka daktari akatoka nje akatuachia ofisi yake.

Aliporudi alituambia taratibu, akitazama meza, kwamba ile karatasi ya majibu ni ya hospitali. Hakuna anayeiulizia. Ankazosoa wanaamini mzee alikuwa na tauni, wameona na wenzake walikuwa nayo. Miaka ikipita watamsamehe binti yake, maana watoto wao wako hai. "Si lazima wajue," akasema.

Nami nikasema vivyo hivyo. "Nyamaza, mwenzangu. Kwa mara ya kwanza maishani mwako, usihesabu. Wakijua ulimtupa kwenye chokaa bure, hawatakusamehe hata kwa dawa."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Baba. Kama hana tauni, anaruhusiwa kufukuliwa?"

Daktari akakubali kwa kichwa. Kibali kingetoka.

"Basi ubao wake uko pale unamsubiri," akasema Saholy. "Mnataka nimwache kule ili mimi nisamehewe?"

Daktari akavuta karatasi ya kibali akaanza kuijaza.

Alipanda Ankazosoa peke yake, kwa miguu, mvua inanyesha. Hakutaka nimsindikize. Alichonisimulia ni kidogo: kwamba alisimama uani kwa Tolotra, hakukaribishwa ndani, akayasema yote akiwa amesimama. Kwamba Tolotra alikuwa anatengeneza mpini wa jembe, akasikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuuchonga ule mpini. Kwamba Voahirana alitoka mbio kumpokea shangazi yake na mama yake akamrudisha ndani.

Msimu wa baridi ndio msimu wa kufungua makaburi. Siku moja Tolotra akaja dharura. Hakupanga foleni, alisimama pembeni na kofia mkononi mpaka dirisha lilipokuwa halina mtu.

"Tunamhamisha Baba," akasema. "Alhamisi ijayo. Tarumbeta tumeshakodi."

"Asante kwa kunijulisha, Kaka."

"Sikuja kukualika." Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa. "Saholy, nimewaza mpaka nimechoka. Ulimsingizia baba yetu, ukamfukia kama mbwa. Na kama usingemsingizia, timu isingekuja, na Voahirana angekuwa amekufa. Nikushukuru vipi? Nikulaani vipi? Sijui. Kwa hiyo usije."

"Sawa, Kaka."

"Usije," akarudia, kama vile alikuwa amembishia. Akaondoka.

Saholy alikuwa amenunua sanda ya hariri, ile ya kufumwa kwa mkono, ya rangi ya udongo. Alinipa mimi niipeleke. Nilikwenda, na sitasahau. Walimtoa mzee kwenye ule mfuko, wakapangusa chokaa, na kofia yake ya majani ilikuwa bado ipo, imegandamana. Wanawake walipiga vigelegele wakilia. Wana ukoo walikuwa wamekuja na sanda zao wengi, kila mtu na yake, na ya kwanza ndiyo inayogusa mwili na haionekani tena. Zinazoonekana ni za juu. Nikamnyooshea Tolotra ile ya hariri. Aliijua ni ya nani bila kuuliza. Aliikunjua, akaitanguliza. Wakamfunga na za kwao juu yake, wakambeba mabegani, wakacheza naye kuzunguka kaburi, tarumbeta zinalia, kisha wakamwingiza upande wa mashariki, ubao wa chini. Ulimtosha.

Nilirudi jioni nikamkuta Saholy dirishani.

"Ya kwangu waliiweka wapi?"

"Ndani kabisa. Ya kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika. Hakuniuliza jingine, na hajawahi kualikwa kwenye kaburi lile mpaka leo. Atakapokufa yeye sijui atalazwa wapi. Nimemwambia kwetu kuna nafasi, akanijibu kwamba kwetu tunapiga kelele.

Milima ikachomwa tena. Mzee mmoja wa upande wa mtoni akaja na wanawe, na blanketi, na miti miwili ya kubebea. Alikuwa na kofia ya majani. Saholy aliuliza jina, akauliza anakotoka, akauliza anaumwa nini.

"Mafua tu, mwanangu."

Hakuuliza amekuja vipi, alikuwa anaona. Alitoka nyuma ya dirisha kumpokea mgonjwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapiga magoti kando ya machela mbele ya foleni nzima na kichupa mkononi.

"Nakuamini, Baba," akamwambia. "Naomba uteme humu."